Mayai ya Siku ya Pili

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili moja ya mwezi wa Julai, umeme ulikatika nyumbani kwetu Kasense. Dakika naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya kipimajoto, nami sina kawaida ya kusoma kipimajoto bila kutazama saa.

Kipimajoto kilikuwa ndani ya friji bovu. Friji hilo nilikuwa nimelinunua bila mashine yake, nikalifungia taa nne na bakuli la maji, nikaligeuza kuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai sitini ya kuku wa kienyeji, niliyoyaweka Alhamisi jioni. Yeyote aliyewahi kukaa Ufipa anajua Julai yetu ilivyo. Upepo hushuka kutoka milimani, watu huenda misani na mablanketi mabegani, na chumba kisicho na moto hupoa upesi.

Mke wangu alichemsha maji, akajaza chupa, akazifunga kwa kanga na kunipa moja moja.

"Unawakanda kama wagonjwa," alisema.

"Bado hawajawa chochote, mama."

"Sasa kama hawajawa chochote, kanga zangu zinafanya nini humo ndani?"

Umeme ulirudi jua lilipokuwa linazama. Joto lilikuwa limeshuka sana, nami sikujua kama mayai yale yalikuwa hai bado. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, niliamua kuvunja moja ili liniambie habari za wenzake. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Maboksi ya misumari yakinitia shaka, hufungua moja tu na kuyapima mengine kwa hilo.

Nilitoboa ganda kwa juu, nikalipanua taratibu kwa kibanio. Juu ya kiini cha njano palikuwa na duara la mishipa myekundu, na katikati ya duara kitu kidogo kuliko punje ya harage, kimejikunja. Ndani yake kulikuwa na nukta nyekundu inayodunda. Mayai yalikuwa hai.

Nikamwita mke wangu. Alikuja akifuta mikono, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Jicho."

"Na huku kunakovimba?"

"Kichwa. Ubongo umeshagawanyika, wa mbele, wa kati na wa nyuma."

"Siku ya nne tu?"

"Ulifunga zamani. Kwa kuku ubongo huziba juu na kufunga siku ya pili."

Alivuta kigoda akakaa, mkono umeshika pindo la kanga yake, na nilipomtazama usoni nilijua anamfikiria nani.

Miaka miwili kabla ya hapo mkwe wetu, mke wa mtoto wetu mkubwa, alijifungua mtoto wake wa kwanza huko bondeni, Ilemba, wanakolima mpunga. Mtoto alizaliwa bila mfupa wa juu ya kichwa. Alipumua kidogo, akanyamaza. Walimzika siku ile ile, na kwa desturi ya ukoo wetu habari zake hazikuzungumzwa tena mbele ya wanaume.

Lakini wanawake walizungumza. Mwezi wa nane wa mimba ile, mvua ikiwa inakuja na mpunga uko nje, mkwe wetu alikuwa amenyanyua gunia na kulipandisha kwenye baiskeli. Bombani walisema gunia ndilo lililomponza mtoto. Hata mwanangu, siku moja akiwa na hasira, alilitaja gunia hilo. Tangu hapo mkwe wetu hakutaka mimba nyingine. Alikuwa amemwambia mke wangu hivi, na mke wangu alinirudishia maneno yake neno kwa neno asubuhi ile, tukiwa mbele ya yai lililovunjwa:

"Mama, ni mikono yangu hii iliyomvunja mtoto kichwa."

Nilichelewa kazini siku hiyo.

Nimeishia kidato cha pili. Baada ya hapo nimejifunza kwa vitabu vilivyotumika, vinavyouzwa sokoni vikiwa vimekosa jalada, na kwa simu, nikiwa na kamusi mkononi. Kwa kuwa nafuga kuku, nilianzia kwenye kifaranga. Kutoka kwenye kifaranga nikafika kwenye kiinitete, yaani kiumbe kile cha mwanzo kabisa kabla hakijawa na umbo la kutambulika, na hapo nikakwama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya jambo moja nisiloweza kulielewa. Kila seli ya kiinitete ina nakala kamili ya maagizo ya mwili mzima. Seli itakayokuwa ukucha inayo maagizo ya jicho, na seli itakayokuwa jicho inayo maagizo ya ini. Maagizo hayo ndiyo jeni. Sasa kama seli zote zina maagizo yale yale, moja inakuwaje ubongo na jirani yake ngozi?

Aliyenikwamua ni mke wangu, bila kujua. Yeye huimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu, na jioni moja nilimweleza tatizo langu akiwa anachambua maharage.

"Mbona hilo jepesi," alisema. "Sisi sote tuna kitabu kimoja cha nyimbo. Sauti ya kwanza wana mstari wao, sisi wetu, wanaume wao. Siimbi kila kilichoandikwa, naimba mstari wangu."

"Na unajuaje kuwa wewe ni sauti ya pili?"

"Kwa niliosimama nao. Mwalimu akiniweka pembeni karibu na sauti ya kwanza, wananivuta, najikuta naimba yao. Ndiyo maana naziba sikio moja."

Nilisimama na kwenda kuleta kitabu, kwa sababu alikuwa amesema karibu kilekile kilichoandikwa. Seli husoma sehemu fulani tu ya jeni zake, na nyingine hukaa zimefungwa. Jeni ikisomwa huzaa protini. Baadhi ya protini hubaki ndani kuwasha au kuzima jeni nyingine. Baadhi hutoka nje na kuwafikia majirani. Mgongoni mwa kiinitete seli zote za juu hupokea ujumbe wa kuwa ngozi. Lakini chini ya mstari wa katikati kuna kundi dogo la seli linalotoa protini za kuuzuia ujumbe huo usifike, na seli zilizokingwa hivyo ndizo zinazokuwa ubongo na uti wa mgongo.

"Kwa hiyo ubongo ni wale walioziba masikio," alisema mke wangu.

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Hilo nililijua tangu nilipoolewa nawe."

Baadaye seli hizo hufanya jambo linaloonekana kwa macho. Jeni nyingine huwashwa, na seli huanza kujikaza upande wa juu, kama mdomo wa mfuko unaokazwa kwa kamba. Bamba lililokuwa bapa huinua kingo zake, kingo hukutana katikati, na mrija hupatikana. Upande wa mbele wa mrija huvimba kuwa ubongo. Mahali pasipofunga hubaki wazi, na mfupa hauwezi kuja juu yake. Kwa kuku haya yote hutokea siku ya kwanza na ya pili. Kwa binadamu hukamilika ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati ambao mwanamke anaweza kuwa bado anajiuliza kama kweli amekosa siku zake.

Haya nilikuwa nayajua tangu mwaka uliotangulia, lakini sikuwahi kuyaunganisha na gunia la mpunga, kwa kuwa mambo ya gunia hayakuwa yamefika masikioni mwangu. Asubuhi ile yaliungana. Mtoto yule alikuwa ameshaumia miezi saba kabla gunia halijaguswa.

Sikutaka kuyategemea maneno ya kitabu kisicho na jalada. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki ya wajawazito mjini. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wanawake, kofia magotini, nikasubiri zamu yangu.

"Shikamoo mzee," alisema muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani. "Umemleta nani?"

"Marahaba. Sijamleta mtu. Nimekuja kuuliza habari za mkwe wangu."

"Ana mimba?"

"Hana."

"Hana mimba, na baba mkwe ndiye amekuja kliniki!"

Benchi zima lilicheka. Mmoja alisema, "Tuuzie huyo baba mkwe, wetu hata salamu hatupi." Muuguzi aliwanyamazisha kwa mkono huku naye akicheka, akaniingiza ndani.

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanithibitishia nililolijua na kunirekebisha nililolikosea. Gunia halikuhusika, alisema, hilo nimwambie bila wasiwasi. Lakini mimi nilidhani jambo hili lina sababu moja na dawa moja. Alisema sababu ni nyingi; nyingine zimo katika jeni zenyewe na nyingine katika chakula, na mara nyingi hakuna awezaye kusema ni ipi. Asidi ya foliki husaidia, kwa kuwa seli zinazogawanyika haraka zinaihitaji, pia katika kazi ile ya kuwasha na kuzima jeni. Hupunguza hatari, haiiondoi. Tena inatakiwa imezwe kabla ya mimba.

"Vidonge vyake tunavyo hapa," alisema. "Tatizo letu ni moja. Wanakuja tumbo limeshaonekana. Mimba ya miezi mitatu kwenu Wafipa bado ni siri ya mtu na mumewe."

"Hata kwa mama mkwe hasemi."

"Basi ndiyo hivyo. Mlango ukishakosa kufunga, vidonge haviufungi." Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Na huyu wako aliyeshapata mtoto wa namna ile, kipimo chake cha vidonge si kile cha wote. Usimnunulie dukani. Aje mwenyewe na mumewe, amwone daktari."

Nilitoka na jibu, nikawa na kazi ngumu kuliko ile ya kulipata: kulifikisha. Katika ukoo wetu baba mkwe hazungumzi na mkwewe mambo ya mwili. Kwa miaka minne aliyokuwa mke wa mwanangu, mkwe huyu alikuwa amenisalimia kwa kupiga goti, akaniuliza habari za kuku, akaondoka. Nilimwambia mke wangu aseme yeye.

"Nitasema nini? Kwamba baba yako amevunja yai akajua?"

"Ndiyo."

"Hataniamini. Atadhani namfariji. Mwite aone mwenyewe kile ulichoniitia mimi."

Mwezi wa Agosti tulimwita aje tusaidiane kupura ulezi. Nilipanga mayai kwa utaratibu: mengine niliyaweka kwenye mashine siku nne kabla, mengine tatu, mengine mbili, mengine moja, ili siku ya kupura tuwe na umri wote mezani. Niliyajaribu mengine kwanza peke yangu, kwa kuwa kiinitete cha siku moja na nusu ni kidogo sana na mkono wangu ulikuwa bado mzito. Mke wangu alihesabu maganda jalalani na kunitazama.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo umetulia. Meza niliiweka uani, hatua chache kutoka kwenye turubai la ulezi. Nilikuwa na lenzi ya kukuzia niliyoazimwa na fundi redio. Mkwe alikuwa anapepeta, amenipa mgongo kama inavyopasa. Mke wangu alisimama katikati yetu akiwa na ungo, na ndiye niliyemwelekea nilipoanza kuzungumza.

"Mama, njoo uone. Hili ni la siku nne."

"Nimeshaliona la siku nne," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Lina jicho, lina kichwa, lina ubongo. La siku tatu je?"

"Nalo lina kichwa."

"La siku mbili?"

"Nalo kichwa kimefunga."

"Kwa hiyo ukilitikisa yai hili leo, ukalidondosha, ukalipandisha kwenye baiskeli, kile kichwa kitafunguka?"

Kupepeta kulikoma. Nikajibu macho yakiwa kwenye yai.

"Kinaweza kufa. Lakini kichwa kilichofunga hakifunguki. Kisichofunga, kilikataa siku ya pili. Kwa binadamu ni mwezi wa kwanza. Yanayotokea mwezi wa nane hayafiki huko nyuma."

"Hata gunia?"

Aliyeuliza hakuwa mke wangu. Sauti ilitoka kwenye turubai, ndogo, na mgongo ulikuwa bado umegeuzwa kwangu.

Katika miaka yote ile lilikuwa neno lake la kwanza kwangu lisilohusu kuku. Sikugeuka.

"Gunia halikuhusika," nilisema. "Hata magunia kumi."

Aliweka ungo chini, akaenda nyuma ya jiko. Mke wangu akamfuata. Nilibaki na mayai yangu, nikipanga maganda kwa mstari, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilisikia kilio, na baada ya muda nikamsikia mke wangu akimwambia jambo kwa Kifipa, kisha kicheko kilichochanganyika na kamasi. Sijawahi kuambiwa alimwambia nini. Nikiuliza husema, "Hayo ni ya nyuma ya jiko."

Waliporudi, mkwe alikuja hadi mezani. Alisimama upande wa pili, macho kwenye mayai.

"Mama, mwambie baba alifungue la siku moja."

"Ameshakusikia, mwanangu. Hana pamba masikioni."

Nililifungua lililokuwa limekaribia siku na nusu. Nilimpa lenzi kupitia kwa mke wangu. Ilibidi atafute sana. Palikuwa na kijistari cheupe kifupi juu ya njano, na ukikaza macho unaona si mstari mmoja bali miwili, imekaribiana katikati na kuachana kidogo mwishoni.

"Hiyo miwili ni kingo," nilimwambia mke wangu. "Zinainuka kutoka pande zote mbili, zinakutana. Mahali pale zinapoachana, bado."

Mkwe alitazama kwa muda. Yeye ni mtoto wa huku juu, amekulia kwenye jembe kabla ya kuolewa bondeni.

"Kama ntumbila," alisema.

Na ni kweli. Tunapolima matuta yetu ya duara, tunayoyaita ntumbila, jembe hukata udongo na majani yake na kuupindua kuelekea katikati, upande huu na upande ule, mpaka majani yote yamefunikwa ndani. Mwenye haraka huacha tundu juu. Nimelima ntumbila tangu utoto na nimesoma habari za mrija ule kwa miaka, lakini sikuwahi kuvitazama pamoja.

"Na nani anaziambia zipinduke?" aliuliza, safari hii akisahau kumpitia mama yake.

"Hakuna msimamizi. Kila moja ina maagizo yote, inasoma yake kwa kuwasikiliza majirani. Mara nyingine mmoja hasikii, au anakosa kitu cha kufanyia kazi. Hicho cha kufanyia kazi ndicho tunachoweza kumletea, ila lazima kiwe kimeshafika kabla hawajaanza."

Hapo mke wangu alichukua usukani, akamweleza habari za muuguzi na vidonge na daktari. Mimi nikageukia maganda.

Walikwenda mjini wiki iliyofuata, yeye na mwanangu aliyepanda kutoka bondeni kwa ajili hiyo tu. Kabla ya kwenda nilimwita mwanangu mezani nikamwonyesha yai kama nilivyomwonyesha mkewe. Alilitazama, akanywa chai yake yote, akasema, "Baba, mimi nilimsemea vibaya." Nikamwambia asiniambie mimi.

Vidonge alimeza kwa miezi. Kisha, asubuhi moja ya mwaka uliofuata, simu ya mke wangu iliita tukiwa tunakunywa uji. Alisikiliza, akasema "ee" mara kadhaa, akakata.

"Amekosa siku zake," alisema. "Wiki moja tu, na ameshapiga simu. Anasema nikwambie."

"Uniambie mimi?"

"Wewe. Anasema mwambie baba majirani wameanza kuongea."

Mama yangu mzazi angekuwepo angeshika mdomo kwa mshangao. Mimba ya wiki chache imetajwa mezani, kwa baba mkwe, mbele ya uji. Mke wangu naye alishika mdomo, lakini alikuwa anacheka.

Miezi iliyobaki hatukuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri. Nilijua kilichofunga kimefunga na kisichofunga hakikufunga, na kujua huko hakukunipa usingizi. Kipimo cha picha walichofanya hospitali kilionyesha kichwa kizima. Mke wangu aliamini mara moja, mimi nilisema tusubiri. Mkwe alikuja kujifungulia huku juu, karibu na hospitali, na aliyezaliwa ni msichana.

Walimleta nyumbani akiwa amefungwa ndani ya moja ya zile kanga za chupa za maji moto. Mkwe mwenyewe ndiye aliyemweka magotini pangu, bila kumpitia mtu. Nilipitisha kidole taratibu kuanzia utosini, pale laini panapodunda, nikateremka kisogoni, nikafuata mgongo wote hadi mwisho. Hapakuwa na tundu popote.

"Acha kumkagua kama trei ya mayai," alisema mke wangu.

"Muache, mama," alisema mkwe. "Mimi nimeshafanya hivyo tangu jana."

Mtoto alipiga chafya, akakunja uso, akaendelea kulala. Chumbani kwake mashine yangu ilikuwa na mayai mengine, na mke wangu akakumbuka kuniuliza, kwa kuwa hasahau kitu cha jikoni, ni mayai mangapi hasa niliyavunja tangu siku ile umeme ulipokatika hadi siku ya ulezi. Nilimwambia. Yalikuwa kumi na manane, kwa bei ya mia tano kila moja. Hasara yote: shilingi elfu tisa.